Hewa Nyepesi ya Mchana

Watu walimwita Mama Mawingu, ingawa hakuwa amezaa mtoto wala hakumiliki wingu hata moja. Kazi yake ilikuwa kupima hali ya hewa kwenye kiwanja kidogo cha ndege kilichokaa juu ya mlima: huku kilima, kule korongo, na katikati kipande cha lami kifupi ambacho marubani wageni wakikiona mara ya kwanza humeza mate. Kila saa alitoka ofisini, akafungua kisanduku cheupe cha luva, mbao zenye nafasi za kupitisha hewa, kilichosimama kwa miguu minne nyuma ya jengo, akasoma vipimajoto vilivyokuwa ndani, akarudi kwenye redio yake. Kazi hiyo aliipenda. Siku aliyoichukia ni moja tu, na ndiyo ninayowasimulia.

Siku hiyo Kitinda alikuwa anakuja. Kitinda ndiye mdogo wake, wa mwisho tumboni kwa mama yao, aliyekwenda ng'ambo kuchomelea vyuma vya meli akakaa huko zaidi ya miaka kumi. Aliondoka kwa ugomvi na baba, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa kipuuzi hata sitausema. Sasa baba alikuwa mgonjwa. Daktari alikuwa amewaambia, "Mpelekeni nyumbani, mpeni chochote atakachotaka kula," na mwenye masikio anajua maana ya maneno hayo. Mzee hakutaka kula chochote. Alimtaka Kitinda.

Kitinda akaomba ruhusa, akapewa kiruhusa cha kunyimana, siku mbili tu. Ndege kubwa ya kumrudisha ng'ambo ilikuwa inaondoka usiku wa siku hiyohiyo, asipoipanda kazi imekwenda. Kwa barabara, kufika mlimani ni safari ya siku mbili, tena kama daraja litakubali. Kwa hiyo mpango ukawa huu: apande ndege ndogo alfajiri, atue asubuhi, akae na baba saa moja wakati mizigo inashushwa, aondoke nayo kabla jua halijakomaa. Utasema saa moja ni nini? Kamuulize anayekufa.

Basi alfajiri, huko mjini, ndege ndogo ikakutwa gurudumu limeishiwa upepo. Gurudumu la akiba lilikuwapo, limefungiwa stoo. Mwenye ufunguo wa stoo hakuonekana. Jamani, watu wa funguo! Dunia nzima itasimama imsubiri mtu mmoja anayenyoa ndevu kwake, ufunguo mfukoni. Mpaka alipopatikana na gurudumu likafungwa, asubuhi ilikuwa imekwisha.

Baba mtu alikuwa kiwanjani tangu mapema. Shangazi, dada yake mzee, ndiye aliyemleta kwa kiti cha magurudumu, amemnyoa, amemvalisha shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Macho ya mzee yalikuwa yameshafunga ukungu. Alikaa kwenye baraza ya ofisi, shingo imeinuliwa, akisikiliza. Kila pikipiki iliyopita barabarani aliuliza, "Ndiyo hiyo?" Na shangazi alijibu kila mara, "Bado, kaka. Ndege haina honi."

Ilipogonga saa saba mchana redio ikakoroma. Mama Mawingu aliijua sauti ya rubani, kijana mpole aliyezoea njia ile.

"Mama, habari za huko? Nipe joto."

Alikuwa ametoka kusoma muda huohuo. "Thelathini na sita. Upepo hakuna."

Rubani akasema taratibu, "Mwisho wangu kwenye kiwanja chenu, na mzigo nilionao, ni thelathini na mbili."

"Najua."

"Nakaribia. Nikifika nitazunguka mara mbili, zaidi ya hapo mafuta hayaruhusu. Soma tena nikiwa juu yenu. Labda litapita wingu."

Mama Mawingu akachungulia dirishani. Mbingu ilikuwa imefagiliwa. Wingu la kuombea halikuwapo.

Shangazi, ambaye masikio yake hayajawahi kulala, alikuwa ameshaingia mlangoni. "Nini? Ndege ya chuma inaogopa jua?"

"Shangazi, si jua. Ni hewa." Akajitahidi kueleza. "Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi. Ni kama uji ulioongezwa maji, mwiko hausimami tena. Bawa nalo linashikiliwa na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, ndege ili isianguke inabidi ije kwa kasi zaidi. Na huku mlimani hewa yetu ni nyepesi hata bila jua. Sasa ije na kasi hiyo kwenye kipande chetu kile cha lami, breki zishike wapi? Huko mbele ni korongo."

"Si apae tena akiona hivyo?"

"Apae na nini? Injini nayo inapumua hewa hiyohiyo. Itakuwa inahema kama mimi nikipanda ngazi. Na kilima hakisogei."

"Washushe mizigo basi!"

"Waishushie wapi, shangazi, angani?"

Shangazi akafyonza, akaondoka. Mama Mawingu alijua amemkasirikia, lakini hakuwa na nafasi ya kumbembeleza. Alikaa pale na redio mkononi, akihesabu kichwani vitu vyote vinavyoweza kupoza hewa: mvua, upepo wa korongoni, usiku. Mvua hakuna. Upepo wa korongoni huja jioni. Usiku kiwanja hakina taa, na Kitinda hana usiku. Alisikia hasira inapanda na hakuwa na wa kumtupia. Utamgombeza nani? Jua? Mwenye ufunguo alikuwa mbali, huenda anakula chakula chake cha mchana kwa raha zake.

Mara mlio ukasikika. Barazani mzee akainuka nusu kwenye kiti, "Ndiyo hiyo!" na safari hii hakukosea. Kidoa cheupe kilichomoza juu ya kilima, kikaanza kuzunguka. Mama Mawingu akatoka mbio kwenda nyuma ya jengo kusoma.

Mlango wa kisanduku ulikuwa wazi. Shangazi alikuwa amesimama mbele yake na jagi la maji ya friji la ofisini, tupu, na maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mbao. Uso wa shangazi uling'aa.

"Kimeshuka!" akasema. "Njoo uone kwa macho yako! Ishirini na saba! Kimbia kaseme!"

Mama Mawingu akachungulia. Kweli. Ndani ya kisanduku kuna vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kimoja kilichovishwa kitambaa kibichi cha kupimia unyevu, na siku ya jua kali kama ile huwa vimeachana mbali. Sasa vilikuwa vinakaribiana kama siku ya ukungu mzito, na yeye amesimama anachomwa utosini.

"Shangazi, umepoza kioo," akasema. "Hujapoza hewa."

"Nani atajua?"

"Ndege itajua."

"Usinifanyie ukarani hapa! Aliye mle ndegeni ni damu yako! Na aliyekaa pale barazani ni baba yako, tena hafiki Jumapili, unajua na mimi najua! Namba tu! Namba ndiyo imekushinda kusema?"

Mama Mawingu alirudi ofisini, na nisiwadanganye, alirudi na ile ishirini na saba mdomoni. Aliibeba hasa. Si yeye aliyemwaga maji. Yeye angesoma tu kilichoandikwa na kioo, na hakuna mkubwa ambaye angemuuliza. Rubani angekuja, na huenda angetua salama, maana marubani hodari huponea chupuchupu kila siku. Saa moja. Baba angeshika uso wa mwanawe kwa mikono, kwa kuwa macho hayana kazi tena. Aliiona picha hiyo waziwazi mpaka akatabasamu. Akabonyeza redio.

"Mama, nipe joto," rubani akasema. "Na nimemruhusu mgeni wako akae kiti cha mbele hapa kwangu. Anakusikia."

Ndani ya ndege ile walikuwamo watu wanane, kila mmoja na wa kwao. Mama Mawingu alifungua mdomo, na ile namba iliyokuwa tayari ikagoma. Akabaki anaitazama lami nje ya dirisha, mvuke unapanda juu yake, na mwisho wake ukiwa pale palepale ulipokuwa siku zote.

"Thelathini na sita," akasema. "Haijashuka. Kisije kikakudanganya kitu, haijashuka hata kidogo."

"Asante, mama," rubani akasema kwa sauti ya chini. "Basi siwezi. Nisamehe."

Halafu ikaja sauti nyingine, nzito kuliko alivyoikumbuka. "Dada?"

"Kitinda."

"Dada, naliona paa la ofisi. Naona kiti. Yule ni baba?"

"Ndiye."

"Mbona amekuwa mdogo hivyo?"

Mama Mawingu akaziba mdomo kwa kiganja. Kamba yenyewe ya redio ilikuwa fupi, hakuweza kuifikisha barazani. Laiti ingekuwa ndefu mzee angesikia sauti. Lakini hata hilo halikuwezekana siku hiyo. Akapiga kelele kupitia dirishani, "Shangazi! Mwambie baba apunge mkono! Kitinda anamwona!"

Shangazi alikuwa ameshafika barazani, jagi bado mkononi. Akainama sikioni kwa kaka yake. Mzee akainua mkono, mkono mrefu uliobaki mifupa, akaanza kupunga kwa nguvu zake zote. Akapunga kuelekea korongoni. Ndege ilikuwa upande wa kilima.

"Namwona!" Kitinda akasema redioni. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Namwona, dada! Anapunga upande mwingine! Mgeuze! Nipo huku, baba! Nipo huku!"

Shangazi akahangaika kugeuza kiti, gurudumu likakwama kwenye ufa wa saruji. Akasukuma, akavuta, akalipiga teke. Lilipokubali kugeuka ndege ilikuwa imemaliza mzunguko wa pili na imekwenda upande ule mzee aliokuwa akiutazama mwanzo.

"Dada, mwambie..." Kitinda akasema. Redio ikakoroma. "Mwambie ule ugomvi, mimi..." Ikakoroma tena, ukingo wa korongo ukaingia katikati, na baada ya hapo ikabaki mikwaruzo. Mama Mawingu aliita mara kadhaa. Alijua hatajibiwa, akaita tu.

Kisha akatoka barazani. Shangazi alikuwa ameegemea ukuta, anahema kwa kusukuma kiti. Alimtazama mpwa wake mara moja, akatazama kwingine. Hakumlaumu na hakumsamehe. Jua lilikuwa linawaka kiasi kwamba maji yaliyomwagika nyuma ya jengo yalikuwa yameshakauka.

Mzee bado alikuwa ameinua mkono.

"Ameshatua?" akauliza.

"Hajatua, baba. Amezunguka hapa juu, amekuona, amerudi."

"Ameniona?"

"Amekuona vizuri. Amecheka."

Mzee akafurahi kidogo, kisha furaha ikamtoka, kwa kuwa alikuwa mgonjwa, hakuwa mjinga. "Sasa kaja mpaka hapa juu ya kichwa changu, akashindwa nini kushuka?"

Mama Mawingu angeweza kumwambia habari za gurudumu, au za ufunguo. Akamwambia kilicho kweli. "Joto, baba. Leo joto limezidi."

Mzee akalifikiria neno hilo. Aliteremsha mkono akaurudisha mapajani, pole pole, na mabega yakamsinyaa ndani ya lile shati jeupe.

"Joto?" akasema. "Mbona mimi nasikia baridi, mwanangu?"

Mama Mawingu akaketi chini kwenye saruji iliyokuwa inaunguza. Akaichukua mikono ya baba yake, nayo kweli ilikuwa ya baridi, baridi mpaka kwenye viwiko, akaanza kuisugua.