Kibao cha Kuingilia Kinjumbi

Huseni alikwisha kupaka ubaoni herufi tatu na kistari cha kuunganisha. Alikuwa anachovya brashi aanze ya nne, bintiye Imani alipomshika mkono.

"Baba, unajua unachoandika?"

"Alichonipa shemeji yangu." Kiingereza hakukijua, alinakili maumbo tu kutoka kwenye kikaratasi.

Imani, mwalimu wa Kiingereza pale kijijini, akasoma: "'God-forsaken.' Hizi tatu ulizomaliza ni Mungu. Zikiunganishwa na zinazofuata, maana yake aliyeachwa na Mungu. Zamani Waingereza walimwita hivyo mtu aliyepotoka. Kisha wasafiri wao wakapabandika jina hilo kila mahali walipokosa barabara na kinywaji baridi. Hapa itasomeka: Kinjumbi, kijiji kilichoachwa na Mungu."

Huseni aliweka brashi chini, akamngoja mwenye kazi.

Abdulrazak, mwenye nyumba ya wageni, alipofika, Huseni akamuuliza, "Eti ndivyo, shemeji?"

Abdulrazak akacheka. "Kwani utakisoma wewe? Mzungu mmoja kakiandika hivyo kijiji chetu kitabuni zamani. Wageni wanapenda pahala pa namna hiyo. Maneno tu hayo!"

"Maneno tu?" Sauti ya Huseni haikupanda. "Dada yangu alipolazwa na homa nyumbani kwako, ulinijia kufanya nini?"

Abdulrazak akatazama pembeni. Alikuwa amekuja kuomba kombe. Mkono huohuo wa Huseni uliandika aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ukaziosha kwa marashi, mgonjwa akanywa.

"Ulimnywesha mkeo maneno tu? Leo wataka nikinyweshe kijiji kizima neno hili! Mtoto aende chuoni kusoma Kurani, mzee aende kuswali alfajiri, wote wapite chini ya kauli kwamba Mungu kawaacha. Huyo Mzungu aliambiwa na nani?"

"Basi nampelekea fundi wa Somanga. Ubao ni wangu."

"Ubao wako. Jina la Mungu lililokwisha kuandikwa si lako."

Abdulrazak alinyoosha mkono auchukue, akausitisha hewani, akaurudisha.

Huseni aliufunika ubao kwa kanga safi ya Imani. Masalio ya rangi akayamwaga kwenye shina la mnazi, pasipokanyagwa na mtu, kama afanyavyo na mabaki ya kombe.

"Kesho njoo na neno linalostahili kulifuata jina hili," alisema. "Ukikosa, nitatia udhu, nilikwangue mwenyewe."