Radi ya Bumula

Ati Phelista alienda Bumula kununua radi.

Habari hiyo ilimwingia Rahab sikioni siku moja akisukwa nywele pale sokoni Ndalu, na tangu hapo haikutoka. Akikanda unga, iko. Akikamua ng'ombe, iko. Hata kanisani mchungaji akiomba, yeye alifumba macho akaona radi imefungwa kwa kitambaa, imelala ndani ya kikapu cha Phelista chini ya sukuma wiki.

Phelista, ambaye sokoni wanamwita Mama Ian, huuza mahindi na maharagwe. Ng'ombe wake wa maziwa, yule mwekundu wa pembe moja, alitolewa zizini usiku, kamba ikakatwa, na mbwa hakubweka hata kidogo. Wiki hiyohiyo Phelista akaonekana anapanda gari la Bumula na jogoo kwapani. Watu wakajumlisha wenyewe. Huko Bumula kuna mzee, walisema, ukimpelekea jogoo anakupa radi, na radi hiyo haikosei mlango. Mvua kubwa ya kwanza ikija, mwizi atajulikana kwa kuungua.

Phelista akiulizwa alicheka tu, akajifunga leso vizuri. "Mwenye alichukua ng'ombe yangu anajijua," alisema. "Wacha mvua ikuje."

Na kila mtu alikuwa na jina tayari mdomoni. Jina lilikuwa Wachira.

Wachira alikuwa kifungua mimba wa Rahab, kijana aliyemaliza shule mwaka uliopita. Kosa lake ni kwamba asubuhi ile ng'ombe alipokosekana, alionekana njiani na kamba. Ilikuwa kamba ya kufungia kuni. Alirudi na kuni kweli, watu wakaziona, wakasema kuni ni za kufichia kamba.

"Mama, hata wewe siku hizi unaniangalia vibaya," alimwambia siku moja wakila githeri.

"Nakuangalia vipi?"

"Kama mtu anangoja mvua."

Rahab akamwambia ale chakula. Rahab alimjua mtoto wake. Huyu hangechukua hata yai la jirani. Hilo halikumsumbua. Kilichomkosesha usingizi ni kitu kingine. Radi ikitumwa kwa mwizi, na soko zima linasema mwizi ni Wachira, si radi nayo itasikia hivyohivyo? Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Aliachia shule darasa la sita, na huko walifundishwa mito na maziwa, hawakufundishwa radi inatafutaje mtu. Basi akaamua peke yake: ikianza kunguruma, Wachira atakuwa ndani ya nyumba, hata kama ni kumfungia kwa kufuli.

Mvua ilikuwa imekatika. Watu walivuna, wakaanika mahindi kwa maturubai kwenye uwanja ulio mbele ya kisiagi cha Kevin, maana huko ndiko watu wa Ndalu huanika na kusaga. Siku ile jua lilikuwa kali, mbingu haina hata doa. Rahab mwenyewe alimpimia Wachira gorogoro mbili za mahindi akamtuma kusaga. Wewe mzazi mwenzangu, ungeangalia juu siku hiyo, nawe ungemtuma.

Alikuwa ameondoka kitambo, simu ya Rahab ikalia. Ni Mary Ann, dadake Rahab, anayeuza mitumba Kitale.

"Rahab, huko kwenu kuko sawa? Huku upepo umebeba vibanda! Nimeona bati inapita juu ya watu kama gazeti!"

"Na radi?"

"Unaniuliza radi, na nguo zangu zote ziko kwa mtaro!"

"Mary Ann, nimekuuliza, radi?"

"Iko, dada. Ilianzia Saboti. Watu wa huko wanasema mlima ulijifunika wote, mvua ya mawe ikashuka kama mayai. Imeua ng'ombe chini ya mti. Sasa inateremka kuja kwenu."

Rahab akampigia Wachira. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Mteja. Akatoka mbio na ndala za nyumbani, na alipofika barabarani upepo ulikuwa umeshafika mbele yake. Migomba ilikuwa imelala. Mbingu upande wa Kitale ilikuwa nyeusi, na huo weusi ulikuwa unatembea.

Alifika kwa kisiagi matone ya kwanza yakianguka, makubwa na baridi. Watu walikuwa wamejaa ndani kama magunia. Kevin alikuwa amezima mashine, na kila mwenye simu alikuwa anatangaza ya kwao.

"Shemeji anasema Kitale mabati ya kanisa yote yameenda!"

"Saboti ati mawe yamechapa mahindi mpaka shamba limekuwa kama limefyekwa."

"Hiyo ngurumo mmesikia? Hiyo ni karibu."

"Inauliza njia," mmoja akasema. "Imetoka Bumula, ikapotea ikaenda mpaka Saboti, sasa wameielekeza huku."

Wakacheka. Kicheko kikaelekea mlangoni, kwa Wachira, aliyekuwa amesimama na mfuko wake wa unga. Kisiagi kilijaa hivyo watu wakikanyagana, lakini yeye alikuwa na nafasi ya kunyoosha mikono yote miwili. Hakuna aliyetaka kumkaribia.

Kule ndani kabisa, nyuma ya mashine, alikuwa amekaa Wekoye, mume wa Phelista. Alikaa juu ya gurudumu kuukuu la trekta, miguu ameikunja isiguse sakafu, maana wanasema radi haipiti kwenye mpira.

"Saboti imepiga wapi?" aliuliza. "Imegonga nyumba?"

"Ng'ombe tu, mzee, chini ya mti."

"Ng'ombe gani?"

"Mzee, sasa mimi nitajua jina ya ng'ombe?"

Watu wakacheka tena. Wekoye hakucheka. Rahab aliona hayo yote na asiyatie maanani. Alikuwa ameingilia mlango wa nyuma, anapenya kumfikia mtoto wake.

Hapo ndipo Phelista aliingia amelowa. "Mahindi yangu! Yangu pekee ndiyo imebaki nje! Nani atanisaidia na turubai, jamani? Baba Ian!"

Wekoye akajikuna shingo. "Wacha inyeshewe. Tutaanika tena kesho."

"Kevin!"

"Mama Ian, mimi sitoki hapo nje, bana. Si uone vile inawaka."

Ikasikika sauti ya mwanamke, Jerop, anayeuza maziwa: "Si Wachira yuko hapo mlangoni?"

"Eeh! Si yeye ndiye kijana?"

Wekoye akapaza sauti kutoka juu ya gurudumu. "Kama mikono yake ni safi, anaogopa nini? Atoke afunike mahindi ya mama. Tuone."

"Tuone!" mwingine akadakia.

"Tuone! Tuone!" Wakaanza kupiga makofi kama wanaomwita mchezaji uwanjani.

Rahab alimfikia, akamkamata shati kwa mikono miwili. "Wachira, hutoki. Umenisikia? Hutoki."

"Mnaona?" Jerop akasema, na hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesoma bei. "Hata Mama Wachira anajua. Ndio maana anamshika."

Rahab alisikia neno hilo likimchoma mikononi. Akiendelea kushika, amemshtaki mtoto wake mbele ya soko. Akiachilia, je? Wachira alimtazama. Hakuwa amekasirika. Alimpa mfuko wa unga aushike, na ili aushike ilibidi aachilie shati.

"Nikikaa ndani leo, Mama, nitakaa ndani maisha yangu yote," alisema. Akatoka.

Mvua ilikuwa inapigwa na upepo mpaka inalala. Wachira alikimbia ameinama, akavuta pembe moja ya turubai juu ya mahindi, akazunguka, akavuta ya pili. Upepo ukamnyang'anya, akaifuata, akaikalia. Mlangoni watu walikuwa wanapiga kelele, "Hapo! Weka jiwe hapo!" na kwa muda mfupi ilikuwa kama wanamsaidia. Aliweka mawe pande zote. Akamaliza. Akasimama wima, uwanja mtupu, mkaratusi mrefu nyuma yake, akainua mkono kwao kuwaonyesha: haya, mmeona?

Wakaona. Kila kitu kikawa cheupe, na mlio haukuja baadaye, ulikuja pamoja.

Mkaratusi ulikuwa umepasuka kutoka juu mpaka chini. Wachira alikuwa amelala kando ya turubai. Kiatu chake kimoja kilikuwa mbali, peke yake.

"Ni yeye," mtu akasema polepole. "Wuui. Kumbe ni yeye."

Rahab alitupa unga akakimbia, na hakufika hatua ya pili. Walimkamata. Wekoye alikuwa ameshuka kwenye gurudumu, sasa amesimama kwa miguu yake yote miwili, na hofu ilikuwa imemtoka sautini. "Msimguse! Bado iko ndani yake! Ukigusa inakurukia!"

"Mama Wachira, tulia, tutakupoteza na wewe," Jerop alilia, amemkumbatia kiunoni. Alilia machozi ya kweli, na hakuachilia.

"Mtoto wangu yuko kwa mvua!"

"Mvua inaitoa. Wacha mvua imwoshe kwanza."

Wakasimama. Wengine walisema aletwe mzee wa kutakasa mahali. Wengine walisema lazima arudishe ng'ombe kwanza, na walipokumbuka hawezi, wakarudia habari ya mzee. Kevin alikuwa amenyoosha simu anapiga video. Rahab alikuwa anaangalia mdomo wa Wachira, ulikuwa wazi, na mvua ilikuwa inaingia. Alingoja aufunge.

Mvua ilipopungua alimng'ata Jerop mkono, akachomoka. Akapiga magoti kwenye tope, akamshika mtoto kichwa. Alikuwa na joto bado. Rahab alingoja hiyo radi imrukie. Haikumrukia. Alimkumbatia mwili wote, akaulalia, akaiambia radi ije, na hakuna kitu kilichoruka.

Walimpeleka Kitale kwa gari dogo la Probox, miguu imetokeza dirishani. Muuguzi wa hospitali, mwanamke wa umri wa Rahab, alimfunika, halafu akauliza, "Nani alimsukuma kifua?"

"Hakuna."

"Mlimgusa saa ngapi?"

"Mvua ilipopungua. Walisema radi bado iko ndani yake."

Muuguzi aliketi karibu naye. "Mama, mtu aliyepigwa na radi hana umeme. Moyo unasimama tu. Ukimsukuma kifua hapohapo, wengine wanarudi."

"Wengine?"

"Wengine, mama."

Neno hilo Rahab alirudi nalo Ndalu kwenye gari, likakaa pale ile habari ya Bumula ilipokuwa imekaa, na halijatoka mpaka leo.

Kwa matanga watu walikuja wengi, wakala. Phelista alileta mahindi ya kupikia waombolezaji. Rahab akafungua gunia, akaingiza mkono. Yalikuwa makavu kabisa. Wachira alikuwa amefunika vizuri.

"Mama Ian," aliuliza, mkono ukiwa bado ndani ya gunia, "ulienda Bumula kununua nini?"

"Kununua?" Phelista aliinamisha uso. "Nilienda kuona Rispah, dadangu. Alikuwa amejifungua. Nikampelekea jogoo ya supu."

"Na mbona hukusema?"

"Watu walianza kuniogopa. Nikiacha mzigo wangu nje hakuna mtu anagusa." Alifuta pua kwa leso. "Sikusema ndiyo, Mama Wachira. Sikusema hapana."

Na ng'ombe alipatikana. Mary Ann alikuwa amepeleka mitumba soko la Saboti akamwona, mwekundu, pembe moja, amefungwa nje ya nyumba ya mwanamke kijana anayemwita Wekoye mume wake. Wekoye alimtoa zizini mwake mwenyewe, na ndiyo sababu mbwa hakubweka. Soko zima lilimcheka Phelista karibu mwezi. Wekoye anaendelea na maisha, ananunua nyama Ijumaa kama kawaida.

Na Wachira? Rahab alidhani sasa watakuja kumwomba msamaha. Alipanga hata viti. Aliyekuja ni Jerop peke yake, analeta maziwa, alama ya meno bado mkononi. Rahab akamuuliza watu wanasemaje.

"Wanasema radi haikosei," Jerop akajibu kwa upole. "Wanasema basi lazima alikuwa ameiba kitu kingine."

Kwa hivyo wewe mwenye mtoto, mambo ya kuepuka ni haya:

Usisimame chini ya mti mvua ikiwa na radi, hata kama ni wako na umejikinga mvua hapo miaka yote.

Usitoke uwanjani kuokoa mahindi, nguo wala turubai. Wacha yanyeshewe.

Usitume mtoto mbali bila kuuliza kwanza watu wa upande wa mlima wanaona nini.

Usingoje mvua iishe kumgusa mtu aliyepigwa. Hana radi ndani yake. Msukume kifua, kwa nguvu na haraka, usiache mpaka msaada ufike.

Usimshike mama anayekimbilia mtoto wake.

Usipige video.

Usibebe habari ambayo mwenyewe hajaisema, na kama ni yako na ni ya uongo, usinyamaze.

Usiachilie shati.