Kemikali ya Rangi ya Bizari

Odilia alikuwa ameificha siri hiyo kwa siku tisa, na kila siku ilimnogea zaidi.

Katika maabara yao pale Ifakara walitafuta dawa mpya ya malaria. Walichukua kipande cha RNA ya kimelea, yaani sehemu ya maagizo anayoyatumia kujijenga, wakakifungia rangi ing'aayo, kisha wakakijaribu kwa kemikali mbalimbali, kila moja katika kishimo chake kwenye sahani ya plastiki. Kemikali iliyoshikamana na RNA ilififisha mwanga. Kati ya kemikali elfu mbili, moja ilikaribia kuuzima kabisa. Ilikuwa ya manjano, imekolea kama bizari.

Mkuu wao, Daktari Amedeus, alikuwa ameamuru safu ya mwisho ya kila sahani, yenye rangi ing'aayo bila RNA, iondolewe. "Tunapoteza vishimo bure," alisema. Odilia aliijaza kwa siri. Hata pasipo RNA, kemikali ile ilizima mwanga vilevile. Haikushikamana na chochote. Umanjano wake uliumeza mwanga, basi.

Angemwambia siku hiyohiyo, kama si ya mwaka jana. Mwaka huo alipima kwa miezi saba, mpunga wake kule Lumemo ukiliwa na ndege, akapata kemikali yenye dalili njema. Amedeus akaitangaza Dodoma kama yake peke yake. Alipomuuliza, alicheka: "Wewe ni mkono, Odilia. Kichwa ni mimi."

Asubuhi ya ugeni, siku Amedeus alipotakiwa kuwaonyesha wageni kemikali ile, Odilia alimkuta Yosefina, mwosha vyombo wa maabara, mlangoni mwa ukumbi akipanga vikombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umependeza hivyo? Harusi?"

"Mazishi."

"Ya nani tena?"

"Ya kichwa."

Yosefina, aliyeijua siri, aliacha kupanga. "Mwambie kabla hajasimama, mwanangu. Bado anakunywa chai."

"Ainywe mpaka aimalize."

Odilia alikaa mstari wa mbele, daftari mapajani. Amedeus aliwasha picha ukutani. Jina la kwanza lilikuwa Odilia Lihami. La Amedeus lilikuwa chini yake.

"Mwaka jana nilimkosea mtu," alisema taratibu, bila kumtazama. "Kazi hii ni yake."

Ukumbi ukapiga makofi. Odilia alihisi masikio yakimwaka moto.

Mgeni kutoka Dar es Salaam, Daktari Elineema, aliinua mkono. "Mliijaribu kwa rangi ing'aayo peke yake, bila RNA?"

Amedeus aligeuka kuitazama picha ukutani. "Safu hiyo niliiondoa mimi."

Odilia angeweza kunyamaza. Lakini kemikali ya uongo sasa ilikuwa na jina lake. Akasimama.

"Mimi nilipima. Inazima mwanga hata bila RNA. Haifai."

"Naomba kuona," mgeni alisema.

Alimpa daftari. Lilikuwa nadhifu kama kawaida yake: kila ukurasa na tarehe, kila tarehe na sahihi. Elineema alisoma, akarudia kusoma.

"Hii ni ya siku tisa zilizopita, dada. Ulimwambia nani?"

Amedeus alimgeukia, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa kama Odilia alivyouota mwaka mzima: umevunjika, mbele za watu. Odilia aliutazama kwa makini, jina lake mwenyewe likiwaka ukutani, akiusubiri ule utamu wa siku tisa; haukuja.

Mlangoni, Yosefina alikuwa akikusanya vikombe.