Ajenda ya Saba

Jamani, kuna wanaume wa kuchosha, halafu kuna Phares. Karani wa reli tu, lakini ukimsikia Jumamosi sebuleni kwake Buruburu ungedhani ni mwenyekiti wa bodi. Januari hiyo ya 1981 alikuwa ameamua familia yake itafanikiwa kwa malengo, na kila lengo lazima lipite kikaoni: ajenda, kumbukumbu, wa kupendekeza na wa kuunga mkono. Kikao chenyewe ni yeye, mkewe Rispa, na mabinti wawili wanaosinzia kwenye kochi.

Rispa alikuwa na lengo moja, tena si kubwa: afanye mtihani wa taipu, aache kufagia ofisi za wenzake, naye akae kwenye mashine. Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa siku hiyo, saa sita mchana. Chuo kilitaka cheti chake cha shule, na cheti kilikuwa ndani ya sanduku la mafaili la Phares, ufunguo mfukoni mwa Phares.

"Baba Atieno, nipe cheti niende. Saa tano hii!"

"Mama Atieno, wewe ni ajenda ya saba. Tuko ya tatu."

Na ya tatu ilikuwa nini? Lengo la Phares la kuamka mapema. Mtu mzima anajadili kuamka mapema nusu saa nzima! Rispa alichoka, akachoka tena. Vikao vitatu alikuwa ameahirishwa: mara muda umekwisha, mara akidi haikutimia kwa sababu Atieno ana surua.

Ilipofika saa sita kasorobo, uvumilivu ukamwisha. Akamtia mumewe mkono mfukoni, akachomoa ufunguo, akafungua sanduku, akatoka mbio na cheti mpaka chuoni Jogoo Road, miguuni ana malapa.

Dirisha la chuo lilikuwa limeshafungwa. Mlinzi akamwambia kwa upole, "Pole mama. Ni mpaka mwaka ujao."

Aliporudi, Phares alimpokea mlangoni akitabasamu, wallahi anatabasamu, karatasi mkononi.

"Hongera! Ajenda ya saba imepita bila kupingwa."

"Wamefunga, Phares."

Tangu Atieno azaliwe hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Phares alilisikia. Tabasamu likamtoka, akaitazama karatasi, akapapasa kalamu.

"Basi... tuliandike la mwaka ujao?"

"Andika unavyotaka," Rispa akasema, akikisukuma cheti ndani ya blauzi. "Mimi kikaoni sikai tena."