Nyungunyungu Wembamba

Mimi sipendi kuombwa vitu, nasema wazi. Hapa kisiwani Taveuni, Fiji, ndugu akikuomba kitu humnyimi, na mimi, Mereoni, nimeolewa katika kijiji ambacho kila mtu ni ndugu. Nimeshaombwa sufuria, mwavuli, hata kandambili nilizovaa. Nilipoanza kufuga nyungunyungu nikajua nao wataombwa tu.

Niliwafuga kwa ajili ya shamba. Enzi za marehemu mume wangu, gimbi moja lilijaza mikono miwili. Miaka ya karibuni magimbi yalitoka kama mayai ya kuku, udongo umechoka. Shemeji yangu Apisai, mkubwa wa ukoo na mwenye kauli juu ya ardhi, akaniambia kwa upole kwamba msimu ujao shamba likikataa tena, atalipanda kava, ule mmea ambao mizizi yake hutwangwa ikanywewa, nami nihamie mjini Suva kwa binti yangu. Yaani nikakae ghorofani nitazame ukuta wa jirani, na mume wangu kalala hapa nyuma ya kanisa. Chakula kilinishinda wiki nzima.

Bwana shamba akanipa ndoo ya nyungunyungu wekundu. Nikawatengenezea sanduku kubwa la mbao nyuma ya jiko, nikawa nawalisha maganda ya magimbi, majani ya migomba yaliyooza na samadi ya farasi. Hawana makuu. Walikula, wakazaana, na chini yao mboji ikawa nyeusi na laini, wala hainuki.

Basi Sulueti wa nyumba ya pili akaja na kopo tupu la maziwa kuomba nyungunyungu. Nikamchotea huku nimenuna. Akarudi baada ya wiki: mumewe kawachukua wote akaenda kuvulia samaki. Nikampa tena, nao wakaishia kwenye ndoano. Mara ya tatu nikamchagulia wale wembamba, wanaojikokota, nikafunika kopo haraka asije akawaona.

Miezi miwili kabla ya kupanda tukawa na karamu ya kanisa, na Apisai ndiye aliyesimamia tanuri la shimoni. Walipofukua nguruwe na magimbi, akakusanya majani ya migomba yaliyofunika chakula, toroli zima, akanipelekea nyumbani mimi nikiwa bado natandika mikeka kanisani. Alitaka kunisaidia, masikini. Akayamwaga yote sandukuni, akayashindilia, na mvuke bado unatoka.

Niliporudi niliingiza mkono nikautoa upesi. Nyungunyungu wote walikuwa wameiva. Nikakaa chini pale pale nikalia kama siku ya msiba, na sioni aibu kusema.

Kesho yake asubuhi Apisai akaja na mzizi mzima wa kava kuomba radhi. Akaketi mkekani ameinamisha kichwa, mtu mzima yule. Ukishaupokea mzizi umesamehe, na jambo lile huligusi tena maishani. Nikauacha palepale kwanza, maana nilikuwa bado nina la kusema.

"Shemeji, si ulisema wanapenda majani ya migomba?" Apisai akauliza.

"Nilisema majani, Apisai. Sikusema supu."

Mabega yake yakatikisika, akajizuia asicheke. Nikaupokea mzizi, ningefanyaje. Lakini moyoni nilishaanza kufunga mizigo ya Suva.

Apisai alipoondoka tu, Sulueti akapiga hodi. Alikuwa amebeba ndoo ya kufulia, kaifunika gunia, na shingo imemkakamaa kwa uzito. Akaitua mlangoni. Nilipofunua nikaona nyungunyungu wekundu, wanene, wamesongamana hadi juu.

"Ni wale wa mara ya tatu," akasema. "Nimewaficha chini ya kitanda mume wangu asiwaone. Walikuwa wembamba mno, dada. Nikajua umeishiwa, na bado umenigawia. Ningewaachaje wafe?"

Nilitaka kumwambia ukweli, kwamba wale wembamba niliwachagua makusudi. Nilimshika mkono tu, nikamwingiza ndani nikampa chai.

Wale wa ndoo walijaza sanduku upya, mboji yao ikaingia shambani, na wiki hii nimevuna. Apisai alikuja, akalinyanyua gimbi moja kwa mikono miwili, akalirudisha chini, na habari za kava hajazitaja tena. Mimi nililichagua lililo kubwa kuliko yote nikampelekea Sulueti, kabla hajaliomba. Ule ukweli sijamwambia mpaka leo.