Baraza Juu ya Maji

Nikutegee: amesimama mlangoni kwangu toka sijaolewa, tumbo lake maji matupu, mdomo wake umefungwa kwa mnyororo, na hata siku moja hajabisha hodi. Ni nani?

Usijisumbue. Hata sisi tuliokaa naye alitushinda. Kwa kawaida ya kutegana, aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji akishaupokea hujisifia safari yake ya huko na vinono alivyokula, ndipo ajibu. Mimi mji sitaki. Jibu ni bomba la zimamoto, lile jekundu la chuma lenye kimo cha goti, linalokaa ukingoni mwa barabara likingoja moto. Letu lilikuwa mbele ya duka la mume wangu, Sheikhan. Na siku moto ulipokuja, mume wangu alikuwa amelikalia.

Yule kijana wa zimamoto namkumbuka buti zake kuliko uso. Nilikuwa juu, kwenye roshani yetu, na mtu ukimtazama kutoka juu huoni macho. Alitoka kwenye moshi wa jengo la ng'ambo ya kichochoro, buti zimejaa tope la majivu, akaja moja kwa moja mpaka kwenye baraza letu walipokaa wazee. Akawaamkia. Amelelewa, mtoto wa watu; nyumba inaungua nyuma yake na bado anaamkia.

"Shikamooni wazee. Maji ya gari yanaisha. Bomba la mtaa huu liko wapi?"

"Marahaba," alijibu mume wangu.

Na hilo ndilo jibu pekee alilopata. Haruna muuza kahawa aliinamia vikombe vyake. Abdulrazak, mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, alitazama mbinguni kama mtu anayesubiri mvua. Sheikhan alitazama magoti yake. Kijana alingoja kiasi cha mtu kumeza mate, kisha akakimbilia kona ya barabara kubwa, kulitafuta huko ambako halikuwepo.

Baraza lile lilijengwa mwaka niliokwenda Kilwa kumzika mama yangu. Nilirudi nikalikuta limeshakauka, refu, la saruji, limebandikwa vigae vya kijani na vyeupe vilivyobaki kwenye sakafu ya duka. Duka letu la spea za pikipiki ni jembamba kama koo la kuku. Mteja akiingia, mwenye duka hana budi kurudi nyuma. Sheikhan, ambaye babu yake alitoka Hadhramaut na mikeka tu mabegani, alikuwa akiumwa na jambo moja maisha yake yote: kwamba wanaume wa mjini hapa hawana pa kukaa. Wanasimama vibarazani mwa wenzao kama punda wa kukodishwa. Mji usio na baraza, alikuwa akisema, watu wake hawajuani, na wasiojuana hawazikani.

Nilimuuliza lile bomba jekundu limekwenda wapi. Akaniambia limelala ndani, wamelifunika lisipate baridi. Nikacheka, alikuwa akijua kunichekesha. Tangu nimeolewa mtaa ule sikuwahi kuliona likitoa tone. Muuza machungwa alikuwa akilifungia mwavuli wake, mbuzi wa Idd wakifungwa hapo hapo. Kitu usichokihitaji jicho hukisahau, na kikishajengewa pa kukaa watu, hata moyo hukisahau.

Na baraza lilipendeza. Sitasema uongo kwa sababu ya yaliyokuja baadaye. Waislamu walikaa, Wakristo walikaa, walioshinda kesi na walioshindwa. Mafundi wa mtaa wa jirani wa Gerezani, wenye mikono ya grisi, walikuja kunywa kahawa ya Haruna na kubishana mpira mpaka adhana ya alasiri. Hata wakubwa walilipenda. Kila mwaka kamati ya usalama ya kata ilikuwa ikipita mtaa kwa mtaa, ikitazama nyaya zilizoning'inia, mifuniko ya mitaro, mitungi ya kuzimia moto madukani. Walikuwa wakifika kwetu jua limewakausha, na baraza letu lina kivuli cha roshani yangu. Hapo ndipo walipopumzikia. Walipewa kahawa na kashata, wakaulizwa hali za nyumbani, wakaondoka wakishukuru.

Mwaka mmoja aliletwa mtendaji mpya wa kata, Bi Sabaha, binti aliyesoma shule ya jirani hapo hapo. Wenzake walikaa, yeye akabaki amesimama na kikombe mkononi. Akasema anakumbuka akiwa mtoto akipita hapa kwenda shule palikuwa na bomba la zimamoto, walikuwa wakilirukia.

"Mwanangu," Abdulrazak alimwambia, "hapa pana kahawa. Bomba utalikuta huko mbele."

Watu wakacheka. Naye akacheka, akakaa. Kamati ikaenda huko mbele, na nina hakika huko nako waliambiwa mbele zaidi.

Sasa nimtaje Onesphory. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa Ndanda, alihamia kwetu na mkewe Candida na binti yao Ritha wakati baraza limeshazoeleka kiasi kwamba mgeni angedhani lilizaliwa na mtaa. Chumba cha kazi alikuwa nacho ghorofani kwenye jengo la ng'ambo. Kanzu za Sheikhan za sikukuu alizishona yeye, na kola zake zilikaa shingoni kama zimeota hapo. Candida alikuwa akiniita Mama Yasser, kwa jina la mwanangu, nami nikimwita Mama Ritha. Mtoto wao alikuwa akipanda ngazi zetu kila jioni kuja kutegewa. Hakuwa mtu wa kutoa mji upesi, Ritha. Alikuwa akifinya macho, anajaribu yai, anajaribu kivuli, anajaribu mwezi, na ukimwambia amekosa anadai wewe ndiye umekosea.

Moto ulianza mchana, kwenye stoo ya ndoo na mabeseni ya plastiki iliyo chini ya chumba cha Onesphory. Alishuka miongoni mwa wa kwanza, mzima, hata kofia ya kazi kichwani. Gari la zimamoto lilipofika maji yake yakaupiga moto pale kwenye ngazi mpaka moshi ukageuka mweupe, watu wakapiga makofi. Njia ikaonekana wazi. Alikuwa ameacha juu nguo za bibi harusi na mashangazi zake, harusi ya wiki ile ile. Alimwambia mkewe hawezi kuziacha, nguo za watu si zake. Akapanda.

Kisha mpira wa maji ukalegea. Nikauona kutoka juu ukilegea mikononi mwa wale vijana, kama nyoka aliyekufa. Hapo ndipo yule mmoja alipokuja kuwaamkia wazee.

Gari la pili lilifika. Sijui baada ya muda gani, na wanaojua nisingependa waniambie.

Kesho yake asubuhi nilimuuliza mume wangu kwa nini hakusema. Alikuwa akikoroga chai isiyo na sukari.

"Ningesema nini?" alinijibu. "Baraza wangelivunja saa ngapi?"

Nyundo zilikuwa zikigonga tulipokuwa tukizungumza. Gerezani nzima hugonga nyundo toka jua linapochomoza, kuna za kila ukubwa, na wenye mikono ya kuzishika. Nilizisikiliza mpaka chai ikapoa. Sikulia. Nilidhani machozi yatakuja msibani, hayakuja; nikadhani yatakuja wakati wa kuaga mwili kupelekwa Ndanda, hayakuja. Niliutia mchuzi chumvi, nikautia tena, tukaula wote wawili mpaka ukaisha. Mikono yangu ilifanya kazi zake kama mikono ya mfanyakazi wa kuajiriwa.

Candida aliporudi kutoka kuzika, baraza lilikuwa tupu. Wazee walikuwa wamehama wenyewe, bila kukubaliana, kama nzige. Haruna alihamishia dele lake la kahawa kona ya pili. Sheikhan alibaki ndani ya duka, nyuma ya kaunta, na mteja akimuuliza kitu huko nje alikuwa akimwelekeza kwa kidevu. Yeye Candida ndiye aliyelikalia. Kila asubuhi alikuwa akija, anatandika khanga yake juu ya vigae, anakaa akilitazama lile dirisha jeusi la ng'ambo. Mtaa mzima ulijua amekalia nini. Walimsalimia, wakavuka upande wa pili.

"Wamenipisha," aliniambia siku moja nilipomletea chai. "Watu wa hapa wana adabu, Mama Yasser. Wameniachia mahali pao."

Nilikaa naye. Nini kingine ningefanya? Vigae vilikuwa vya baridi, hata jua likiwa kali vilikuwa vya baridi. Alinisimulia, kama alivyokuwa akinisimulia kila siku, jinsi alivyokuwa amesimama nyuma ya yule kijana, mtoto kamshika mkono, na kumsikia akiuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayetafuta funguo. Alisema: walikuwa wengi pale, wenyeji, wazee wa mji, mbona hakuna aliyemjibu? Kama hawakujua, si wangesema tu hatujui?

Mtoto aliendelea kupanda ngazi zetu jioni. Siku ya kwanza nilimwambia kitendawili, akaitika nitege, nikamtegea cha kitoto kabisa, ambacho yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Hakufinya macho.

"Nakupa mji," akasema.

Kila jioni ikawa hivyo. Namtegea, ananipa mji. Alinipa Mtwara, Tanga, Dodoma, alinipa miji yote aliyoisikia shuleni, na mimi ningeitembelea yote na kurudi bila kitu.

Nadhani Sheikhan alikuwa akitusikia. Chumba chetu hakina mlango wa kufunga sauti. Mwanetu Yasser alikuja kutoka Upanga, akakaa naye pembeni, akamweleza kwa heshima kwamba jambo likitamkwa mbele za watu halirudi: patakuja polisi, duka litafungwa, na jina la familia litachezewa vijiweni. Na Candida naye, akasema, utampunguzia nini? Mumewe harudi. Sheikhan alimsikiliza mpaka mwisho. Alimuuliza watoto wanaendeleaje.

Kisha Bi Sabaha akaitisha mkutano wa mtaa. Ulifanyika hapo hapo barabarani, alasiri, viti vya plastiki vimepangwa kati ya duka letu na jengo lililoungua, diwani akiwa ameketi chini ya mwavuli. Mfiwa alipewa mahali pa heshima, na mahali pa heshima ni mahali alipozoea. Candida alikaa barazani na khanga yake, mimi ubavuni pake, Ritha katikati yetu. Sheikhan alisimama kwenye mlango wa duka.

Bi Sabaha aliuliza kwa nini mtaa wenye maduka mengi hivi hauna bomba la zimamoto. Watu wakawa wepesi kusema. Mmoja alisema waliojenga njia ya mwendokasi ndio walioling'oa. Mwingine akasema hapana, ni wezi wa chuma chakavu, vijana wa siku hizi hata msumari wa jeneza wanang'oa. Abdulrazak akasimama, akashika tai yake ambayo huivaa mikutanoni tu, akasema kwamba yeye amezaliwa mtaa huu na bomba hajapata kuliona. Hakumtazama Sheikhan. Alikuwa akimlinda, na alikuwa akijilinda, na alikuwa akitulinda sote. Nilimshukuru na kumchukia kwa pumzi moja, lakini kwa mbali, kama hisia za mtu wa nyumba ya jirani.

Bi Sabaha alilitazama baraza. Nilimwona. Alianzia mwisho wake mmoja, macho yakatembea juu ya vigae vya kijani na vyeupe, yakafika kwenye magoti ya Candida yakasimama. Alifungua mdomo. Nani atamwambia mjane ainuke? Akaufunga, akauliza kama kuna mwenye swali.

Candida aliinua mkono kama mwanafunzi.

Hakusimama. Alisema kwa sauti ndogo, ikabidi watu wa nyuma wanyamazishane. Alisema hakuja kutafuta aliyeling'oa, wala hataki mtu afungwe. Yeye anakumbuka jambo moja tu. Kijana wa watu alikuja hapa, akaamkia, akaitikiwa, akauliza.

"Aliuliza bomba liko wapi," alisema. "Nilikuwa nyuma yake. Nami nauliza hilo hilo, baba zangu. Liko wapi?"

Nyundo za Gerezani zilikuwa zimenyamaza, au mimi ndiye niliyekuwa sizisikii. Haruna aliinama ingawa hakuwa na vikombe vya kuinamia. Diwani alimgeukia Abdulrazak, na Abdulrazak akatazama mbinguni, hakuna wingu. Mtoto aliniegemea. Nilitaka kumshika, mkono wangu ukakawia kuja.

Sheikhan alitoka mlangoni. Alipita kati ya viti taratibu, watu wakivuta miguu yao, akaja kusimama mbele yetu pale pale zilipokuwa zimesimama zile buti. Safari hii sikuwa roshani, niliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyelala usingizi mrefu akaamshwa nyumba ya ugenini.

"Liko hapo ulipokaa, Mama Ritha," alisema. "Nililijengea mimi."