Kitanda cha Dirishani

Fundi bomba aliacha jeshi miaka ishirini iliyopita. Juzi aliitwa kuzibua sinki kwenye bweni la shule, akakuta ni kambi yao ya zamani, imepakwa rangi tu. Alipomaliza kazi, alisimama kando ya kitanda cha dirishani.

"Umesahau kitu, mzee?" mlezi wa bweni akamuuliza.

"Hapa alilala rafiki yangu, mama. Alikoroma kama mashine ya kusaga, tukawa tunamrushia viatu. Leo ningekesha nimsikilize."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Nilikwenda naye vitani, sikurudi naye."

Mlezi akamvutia kiti. Fundi akaketi, mikono ingali imelowa, akamsimulia habari za rafiki yake mpaka wanafunzi wakatoka darasani.